Herufi Iliyokosekana: Sayansi ya Chemsha Bongo na Msemo wa Leo

Gazeti linalochapwa Dar es Salaam halina budi kusafiri zaidi ya kilomita 900 kwa barabara ili limfikie msomaji wa Tunduma, mji ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia. Katika safari hiyo habari nyingi huchakaa: bei hubadilika, mechi huwa imekwisha kuchezwa, na mkutano uliotangazwa kuwa wa kesho huwa wa jana. Zipo, hata hivyo, sehemu mbili za gazeti ambazo hazichakai. Ya kwanza ni msemo wa siku, ambao aghalabu huwekwa pembeni mwa ukurasa. Ya pili ni chemsha bongo, yaani ule mraba wa visanduku vyeupe na vyeusi unaojazwa maneno ya mlalo na ya wima. Dereva wa lori anayengoja karatasi zake za forodha huweza kuufumbua mraba wa juzi kwa raha ile ile ambayo angeipata kama ungekuwa wa leo.

Watu wengi huvihesabu vitu hivi viwili kuwa ni burudani tu, na hapana ubaya wowote katika burudani. Lakini ndani yake mna swali la kisayansi: akili ya mtu huwezaje kujaza kitu ambacho hakikuandikwa? Swali hilo huzaa la pili, ambalo lawahusu zaidi walimu na wanafunzi wa sekondari: kwa nini mraba wa Kiswahili huwa mgumu kutungwa kuliko wa Kiingereza, hali Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa?

Mraba wa maneno wa namna ya kisasa ulichapwa mara ya kwanza katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913. Mtungaji wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, na umbo lake halikuwa la mraba hasa bali la almasi. Kitabu cha kwanza cha mafumbo ya namna hii kilitolewa New York mwaka 1924, na gazeti la The Times la London, ambalo mwanzoni liliyadharau, likaanza kuyachapa mwaka 1930. Jambo la kukumbuka katika historia hiyo fupi ni moja tu: mchezo huu ulizaliwa ndani ya Kiingereza, nao ulikatwa na kushonwa kwa kipimo cha Kiingereza.

Sababu ya kuwezekana kwa mchezo huu ilielezwa miaka 35 baadaye na mtaalamu wa hisabati, Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell huko Marekani. Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1948 kuhusu nadharia ya mawasiliano, Shannon alionyesha kwamba habari inaweza kupimwa kama vile maji yanavyopimwa kwa lita. Kipimo chake kinaitwa biti. Jibu la swali lenye majibu mawili yenye uwezekano sawa, ndiyo au hapana, hubeba biti moja. Ikiwa kisanduku kitupu kinaweza kuchukua herufi yoyote kati ya 24, kila moja ikiwa na nafasi sawa, basi anayekijaza anahitaji biti 4.6 hivi; mwanafunzi ataipata hesabu hiyo kwa kutafuta logi ya 24 katika kizio cha 2. Akijulishwa kwamba kisanduku hicho ni cha irabu, mahitaji hushuka hadi biti 2.3, kwa kuwa irabu ni 5 tu.

Lakini katika lugha ya kweli herufi hazina nafasi sawa. Sehemu kubwa ya kila sentensi haichaguliwi na msemaji bali huamuliwa na desturi za lugha yenyewe. Sehemu hiyo ndiyo Shannon aliyoiona kuwa ziada. Kwa Kiingereza aliikadiria kuwa nusu hivi, naye akaongeza maneno machache kuhusu chemsha bongo. Lugha isiyo na ziada yoyote, alisema, ingefanya kila mpangilio wa herufi kuwa neno, na mtu angeweza kujaza mraba wowote bila kufikiri. Lugha yenye ziada kubwa mno ingeyabana maneno hata yasiweze kupishana. Ziada ikiwa nusu, miraba mikubwa inawezekana kwa shida kidogo. Ikiwa asilimia 33, ingewezekana hata kutunga fumbo lenye urefu, upana na kina, kama sanduku. Raha ya chemsha bongo, basi, hukaa katika kipande chembamba kilicho kati ya lugha iliyolegea mno na lugha iliyokazwa mno.

Msemo wa siku nao huishi kwa ziada hiyo hiyo, ila kwa kiwango cha maneno badala ya herufi. Mwalimu akiandika ubaoni "Haba na haba" kisha akanyamaza, darasa zima humalizia kwa sauti moja. Neno "hujaza" halikuleta habari yoyote mpya, maana kila mtu alikuwa nalo kinywani. Msemo usiojulikana hufanya kinyume: nusu yake ya kwanza humwandaa msomaji atarajie jambo fulani, na nusu ya pili humletea jingine. Hapo ndipo mtu hutabasamu. Misemo inayopakwa rangi nyuma ya malori na mabasi yapitayo katika barabara kuu ya kwenda Zambia hutegemea sana ufundi huo. Mara nyingi ni methali ya zamani iliyovunjwa neno la mwisho.

Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor aliifanya tabia hii kuwa chombo cha upimaji. Alichukua kifungu cha habari, akafuta maneno kwa kuruka idadi maalumu, kisha akawataka wasomaji wayarudishe. Kadiri walivyoweza kurudisha maneno mengi, ndivyo kifungu kilivyohesabiwa kuwa chepesi kwao. Mazoezi ya kujaza nafasi zilizo wazi, ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania ameyafanya, yanahusiana kwa karibu na mbinu hiyo.

Kuna ushahidi mwingine unaowafaa walimu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu wanafunzi. Kundi moja lilisoma kifungu tena na tena. Jingine lilisoma kisha likajaribu kukumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na mengi. Kwa hiyo mwalimu anayebandika msemo mzima ukutani kila asubuhi huwapa wanafunzi kitu cha kutazama. Lakini anayeubandika ukiwa na pengo la neno moja, na kuufuta kabisa kesho yake ili wauandike kwa kumbukumbu, huwapa kazi inayobaki kichwani. Tena ni vema aulizie asili ya msemo wenyewe. Misemo mingi hupachikwa majina ya watu mashuhuri ambao hawakuisema kamwe, na Einstein ni miongoni mwa walioonewa zaidi.

Baada ya maneno hayo yafaa kurudi kwenye mraba, na kwenye ugumu wa Kiswahili. Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Kanuni hii, inayoifanya lugha iwe tamu masikioni, ni mzigo kwa mtungaji wa chemsha bongo. Chukua mraba uliojaa, usio na kisanduku cheusi hata kimoja. Kila neno la wima hukomea katika mstari wa chini; na kwa kuwa kila neno huishia kwa irabu, mstari wote wa chini lazima uwe wa irabu tupu. Kwa sababu hiyo hiyo, safu ya mwisho upande wa kulia nayo lazima iwe ya irabu tupu. Mraba wa herufi 3 kwa 3 bado unawezekana:

N J E
J U U
E U A

Eua ni kutakasa. Maneno yale yale matatu husomeka mlalo na wima. Lakini mraba wa 4 kwa 4 hudai neno lenye irabu nne na lisilo na konsonanti hata moja, na mtu anaweza kufunua kamusi hadi jioni bila kulipata. Mkaidi atajitetea kwa vitenzi vilivyonyambuliwa, mathalani "aiue", lakini msomaji wa gazeti atahisi amepunjwa. Mtungaji wa Kiswahili hujiokoa kwa kuongeza visanduku vyeusi, na kila kisanduku cheusi hupunguza makutano ya maneno, ambayo ndiyo roho ya mchezo. Katika mraba wenye makutano machache, asiyejua neno hana wa kumsaidia.

Ugumu wa pili umo katika vidokezo. Kiswahili kina ngeli, na upatanisho wa kisarufi hutoa siri nje. Chukua neno KIMONDO. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ndio wenye Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lenye nikeli ndani yake, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 na lililoanza kujulikana kwa wataalamu mwaka 1930. Mtungaji akiandika kidokezo "Kilianguka Mbozi kutoka angani", ile ki- ya mwanzo imekwisha kumnong'oneza msomaji kwamba jibu litaanza kwa KI au CH. Herufi mbili zimetolewa bure. Mtungaji wa Kiingereza hana tatizo hilo, kwa kuwa kitenzi chake hakitaji ngeli ya jina.

Dawa ya tatizo hili ilikuwapo barazani kabla ya gazeti lolote kuchapwa. Anayetega kitendawili husema: "Nyumba yangu haina mlango." Jibu ni yai, lakini upatanisho wote umefuata ngeli ya nyumba. Sitiari imelificha jina, na pamoja na jina imeificha ngeli. Mtungaji wa chemsha bongo akifuata njia hiyo ataandika "Jiwe la chuma lililotoka angani", na ki- haitaonekana popote. Njia nyingine ni kutumia kiambishi cha mazoea hu-, ambacho hakibebi ngeli ya mtendaji: "Huanguka kutoka angani" huweza kuwa kimondo, mvua, au hata radi. Wanafunzi waliochoka na masomo ya sarufi wanaweza kuona hapa kwamba upatanisho ni njia ya kupeleka habari, na kwamba anayetaka kuficha habari hana budi kuuelewa kuliko wengine.

Bado lipo lile tatizo la irabu za mwisho. Ufumbuzi wake unapatikana kwa kuuliza kipande cha asili cha neno la Kiswahili ni kipi. Mtoto wa pwani achezaye kinyume, ule usemi wa kificho, hageuzi herufi. Huchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza, hata nyumba ikawa "mbanyu". Sikio lake limekwisha kumfundisha kwamba neno limejengwa kwa silabi. Wajapani, ambao mojawapo ya maandishi yao hutumia alama moja kwa kila silabi, hutunga chemsha bongo zao hivyo hivyo: silabi moja, kisanduku kimoja. Kiswahili kikitendewa vivyo, kizuizi cha irabu hutoweka, kwa sababu kila kisanduku kina irabu yake. Tazama mraba huu, uliojaa pasipo kisanduku cheusi:

KA HA WA
HA BA RI
WA RI DI

Kahawa, zao ambalo Mbozi inajulikana kwalo; habari; na waridi. Mraba wa herufi wenye maneno marefu kiasi hicho ungekuwa wa 6 kwa 6, nao ungehitaji maneno ya irabu sita mfululizo. Hapa ilitosha kuyapanga maneno ambayo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anayajua.

Njia ya silabi ina mabishano yake, na mabishano hayo yana faida darasani. Neno "mbuzi" lina silabi mbili, mbu na zi. Neno "mbu" nalo lina silabi mbili, m na bu, kwa kuwa hapo m inabeba mkazo peke yake. Herufi zile zile mbu ni kisanduku kimoja katika neno la kwanza na viwili katika la pili. Darasa litakalogombana juu ya jambo hili kwa dakika kumi litakuwa limejifunza fonolojia zaidi ya lile lililonakili maana ya silabi kutoka ubaoni.

Makutano ya maneno yana kazi moja zaidi, ambayo wakazi wa Tunduma huipita kila siku bila kuitambua. Juu ya kila kontena linalosubiri kuvuka kwenda Nakonde imeandikwa namba yenye herufi 4 na tarakimu 6, kisha tarakimu ya saba ambayo mara nyingi imezungushiwa kisanduku. Tarakimu hiyo ya mwisho haihesabu kitu, ni mhakiki. Kila herufi imepewa thamani iliyokubaliwa kimataifa. Thamani ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, na kuendelea hivyo hadi ya kumi kwa 512. Jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndilo tarakimu ya saba. Baki likiwa 10 huandikwa 0. Karani akikosea tarakimu moja tu, hesabu hugoma, na kosa hujulikana kabla kontena halijapelekwa lisikotakiwa. Katika chemsha bongo neno la wima ni mhakiki wa neno la mlalo. Aliyejaza vibaya huambiwa na neno jingine, si na mwalimu, na huenda ndiyo sababu watu huvumilia kukosea ndani ya mraba kuliko ndani ya daftari.

Mhakiki huyu, hata hivyo, hakamati kila kosa. Katika lugha nyingi za Kibantu tofauti ya l na r haibadili maana ya neno, na wanafunzi wengi huchukua mazoea hayo hadi katika Kiswahili. Aandikaye "habali" ataandika pia "walidi", na mraba wake utakubaliana wenyewe kwa wenyewe ingawa umekosewa mara mbili. Makutano hukamata kosa la bahati mbaya. Kosa la mazoea huhitaji sikio la mtu mwingine.

Kuhusu madai kwamba chemsha bongo huikinga akili na uzee, yafaa kusema kwa uangalifu. Utafiti wa vyuo vikuu vya Columbia na Duke vya Marekani, uliochapishwa mwaka 2022, uliwafuata watu 107 wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu kwa wiki 78. Waliopewa chemsha bongo walifanya vizuri kidogo kuliko waliopewa michezo ya kompyuta. Hilo ni jambo la kutia moyo, lakini utafiti haukuwa na kundi lisilofanya lolote, wala haukuwahusu vijana wenye afya.

Faida iliyo wazi kwa shule za Songwe na kwingineko ni nyingine. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno kama "kani" na "usanisinuru" yamo kwenye vitabu, lakini mwanafunzi wa sekondari, anayesoma sayansi kwa Kiingereza, hana siku hata moja anayolazimika kuyatoa kichwani mwake. Istilahi isiyokumbukwa na mtu hubaki kamusini. U-SA-NI-SI-NU-RU ni visanduku sita; kidokezo chake kinaweza kuandikwa "Hufanyika katika jani mchana", na ngeli haitajitoa nje.

Kwa atakayependa kujaribu, huu hapa mraba wa silabi, 3 kwa 3. Maneno ya wima ni yale yale ya mlalo, kwa mpangilio ule ule, na silabi ya kisanduku cha katikati ni KO.

1. Huvuliwa.
2. Husahihishwa.
3. Kinyume cha kizamani.

Msomaji atagundua kwamba kila kisanduku kinahakikiwa na maneno mawili tofauti, isipokuwa vile vitatu vilivyo katika mshazari utokao pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia. Hivyo, mlalo na wima, ni vya neno moja. Katika kile cha mwisho silabi mbili zinaingia, na kila moja hutoa neno halali la Kiswahili. Hakuna neno jingine linalopita hapo la kumpinga mjazaji, na ni kidokezo cha tatu peke yake kinachoamua.